Siku 18 za notisi ambazo sikuzimaliza

Majina yalitoka Ijumaa jioni. Aliyewahi kusubiri ajira ya ualimu serikalini anaijua jioni ya namna hiyo: simu zinaanza kulia, makundi ya WhatsApp yanafurika, faili la PDF linagoma kufunguka, na kila mtu anajitenga pembeni kulitafuta jina lake. Mimi nilikuwa jikoni kwenye nyumba ya walimu, nimebandika maharage. Siku hizo walimu tulikuwa tunapangwa na TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Niliona jina langu, somo langu la Kemia, na jina la shule ambayo sikuwahi kuisikia, Kasulu, mkoani Kigoma. Nilikaa sakafuni. Lilikuwa ombi langu la tatu.

Furaha hiyo ilidumu kama nusu saa, kisha nikaanza kuhesabu. Ilikuwa tarehe 1 mwezi wa saba, na nilitakiwa kuripoti ndani ya siku 14, nikiwa na vyeti halisi. Asiyeripoti nafasi yake anapewa mwingine, na waliokuwa wanaisubiri ni maelfu. Upande wa pili kulikuwa na mkataba wangu na shule binafsi ya bweni mkoani Pwani, ambako nilikuwa nimefundisha miaka minne, uliosema mwalimu akitaka kuacha kazi atoe notisi ya miezi mitatu. Na vyeti vyangu halisi, kuanzia cha kidato cha nne hadi cha chuo kikuu, vilikuwa ndani ya kabati la chuma ofisini kwa Mkurugenzi.

Nieleze kuhusu kabati hilo, maana najua si la shule yetu peke yake. Mwalimu mpya alipoajiriwa alileta vyeti vyake "vihakikiwe", na baada ya kuhakikiwa havikurudi. Tuliambiwa vinatunzwa kwa usalama. Sote tulijua vinatunzwa ili tusiondoke. Sijawahi kukutana na kifungu cha sheria kinachompa mwajiri haki ya kukalia vyeti vya mtu, lakini unapokuwa umemaliza chuo, umekaa nyumbani miaka miwili, na mama anauza vitumbua ili wadogo zako wasome, hubishani kuhusu kabati.

Matokeo yake ni kwamba shuleni kwetu watu hawakuwa wanaacha kazi. Walikuwa wanatoroka. Mwalimu anaomba vyeti vyake akavitoe nakala benki, anapewa kwa siku moja, na usiku huohuo anafunga begi. Katika miaka yangu minne waliondoka hivyo watano. Ninamkumbuka hasa wa hesabu. Jumatatu asubuhi kidato cha pili walikaa vipindi viwili wakimsubiri, madaftari wazi mezani, kiranja akaja ofisini kuuliza, na hakuna aliyekuwa na jibu. Vipindi vyake viligawanywa kwetu tuliobaki. Mimi nilipewa vinne kwa wiki, na sikuongezewa hata shilingi. Hakuacha azimio la kazi, yaani mpango wa mada za kufundisha, wala alama za watoto; tulianza kwa kuwauliza wanafunzi wenyewe wamefika wapi.

Kwa hiyo Ijumaa ile, wakati wenzangu waliokuwa wameitwa pia wananong'ona namna ya kuvitoa vyeti kabatini, mimi nilikuwa namwona yule kiranja mlangoni.

Jumamosi nilimpigia Baba Mdogo. Alifanya kazi kiwandani zaidi ya miaka 20, na kwa miaka mingi alikuwa kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 anayo kitabuni, imechakaa pembeni, na anaisoma kama wengine wanavyosoma gazeti.

"Shikamoo Baba Mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mama yako ameshaniambia. Hongera sana. Sasa nisomee mkataba wako, kipengele cha kuacha kazi, neno kwa neno."

Nilikuwa nimeusaini miaka minne nyuma bila kukisoma. Nilimsomea: mwalimu atatoa notisi ya miezi mitatu, mwajiri atatoa notisi ya mwezi mmoja. Akanyamaza kidogo, nikasikia kurasa zinafunuliwa.

Alichonieleza nitakiweka hapa kwa kirefu, kwa sababu nimekutana na watu wengi wenye digrii zao ambao hawakijui, nami nilikuwa mmoja wao. Kifungu cha 41 kinasema anayelipwa kwa mwezi, baada ya kumaliza mwezi wa kwanza kazini, notisi yake isipungue siku 28. Ndani ya mwezi ule wa kwanza ni siku 7. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki ni siku 4. Notisi iwe ya maandishi, itaje sababu na tarehe iliyotolewa. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu kuliko huo, lakini kwa sharti moja: uwe sawa kwa mwajiri na kwa mwajiriwa. "Wakikufunga miezi mitatu, nao wawe wamejifunga miezi mitatu," Baba Mdogo alisema. "Hawa wamejifunga mwezi mmoja. Miezi mitatu yao haisimami. Wewe rudi kwenye siku 28."

Bado siku 28 ni mara mbili ya 14. Nikamuuliza kuhusu kile kinachoitwa "kuacha kazi kwa saa 24", maana mitaani kila mtu anakuambia hivyo: andika barua leo, lipa mshahara wa mwezi mmoja, kesho uko huru. Akasema sheria haina neno saa 24. Inachosema ni kwamba mwajiri asiyetaka ukae kwenye notisi anaweza kukulipa ile pesa ambayo ungeipata kwa kuifanyia kazi. Na mfanyakazi akikataa kufanya kazi kipindi cha notisi, mwajiri anaruhusiwa kukata, kwenye pesa ambazo mfanyakazi huyo anamdai, kiasi ambacho angelipwa kwa kipindi hicho. Watu wamezunguka hapo wakapata "saa 24" yao. (Wasomaji wa Kenya, Sheria yenu ya Ajira ya mwaka 2007 nayo inataja siku 28 kwa anayelipwa kila mwezi, na inaruhusu upande wowote kulipa badala ya kusubiri.)

Nikajaribu mlango mwingine. Likizo ya mwezi wa sita sikuipata, kwa sababu kidato cha nne walibaki shuleni kambini na mimi nilikuwa nao. Je, siku hizo za likizo zisihesabiwe kama notisi? Akacheka kidogo, akasema hapo wengi wanaanguka. Notisi haitolewi mtu akiwa likizo, wala haiendi sambamba na likizo. Lakini pesa ya likizo ambayo hukuichukua ni stahiki yako, na itaingia kwenye hesabu ya mwisho. Kisha akaniambia jambo ambalo halimo kwenye kitabu chake: "Nenda kwa Mkurugenzi, pita mlangoni. Usiende na habari za kumpeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, usiende na ubishi. Mwambie siku unazoweza, na zile usizoweza mwambie utazilipa."

Jumatatu tarehe 4 niliandika barua. Niliiandika mara nne. Ile ya kwanza ilikuwa na aya ya shukrani ndefu isiyotoka moyoni, nikaifuta. Iliyobaki ilisema naacha kazi kwa kuwa nimepata ajira serikalini, siku yangu ya mwisho kazini itakuwa Jumatano tarehe 13, natambua kwamba notisi yangu ilipaswa kuisha tarehe 31, na siku 18 zilizobaki nipo tayari zikatwe.

Mkurugenzi alikuwa ameshajua. Ile PDF inasomwa na wote.

"Shikamoo Mkurugenzi."

"Marahaba Mwalimu. Karibu ukae. Umekuja kuaga au umekuja kuomba vyeti?"

"Nimekuja na barua."

Aliisoma taratibu. Sitaki kumchora kama mtu mbaya, kwa sababu swali aliloniuliza lilikuwa la haki, na sikuwa na jibu lake. Aliniuliza: "Watoto 41 wa kidato cha nne. Mtihani wa taifa Novemba. Mwalimu wa kemia nitamtoa wapi mwezi wa saba?" Walimu wa sayansi wanatafutwa kama maji ya kiangazi, na wiki ile shule nyingi zilikuwa zinapoteza walimu kwa orodha ileile. Nilibaki nimeangalia mikono yangu.

Kisha akataja miezi mitatu. Mshahara wangu ulikuwa 450,000, kwa hiyo 1,350,000, na vyeti nitapewa nikishalipa. Hapo ndipo nilipomweleza, kwa heshima, kuhusu kifungu cha 41 na sharti la usawa. Aliniuliza nani amenifundisha sheria. Nikamwambia ni baba yangu mdogo. Alimwita mhasibu. Sijui kama aliamini hoja ile au alichoka tu na orodha ya walimu wanaoondoka, ila kuanzia hapo mazungumzo yaligeuka ya hesabu.

Na hesabu ilikuwa hivi. Mhasibu aligawa mshahara kwa siku 30, akapata 15,000 kwa siku. Siku 13 za mwezi wa saba nilizofanya kazi: 195,000. Siku 14 za likizo ya mwaka huo nisizozichukua: 210,000. Mkurugenzi alibisha kidogo kwamba walimu likizo zao ni zile za wanafunzi, lakini mwalimu wa taaluma alithibitisha kwamba Juni nzima nilikuwa kambini. Jumla 405,000. Toa siku 18 za notisi, 270,000. Nilibakiwa na 135,000 kabla ya makato. Nilisaini. Sheria inamtaka pia mwajiri atoe cheti cha utumishi kazi inapokwisha, nikakiomba palepale, kwa maandishi. Kiliandaliwa siku hiyohiyo. Nilikuwa tayari kusikia kwamba haiwezekani. Kumbe hakuna aliyewahi kukiomba, kwa kuwa wote walitangulia kutoroka.

Vyeti vya shule na chuo akasema nitavichukua nikishakabidhi. Nikakubali, ingawa usiku ule sikulala.

Nilichokuja kukielewa katika siku zile kumi ndicho kilichonifanya niandike haya. Zile 270,000 zilikwenda shuleni. Hazikwenda kwa mtu aliyebeba mzigo wangu. Mwenzangu wa fizikia, ambaye alikuwa tayari na vipindi 26 kwa wiki, aliongezewa kemia ya kidato cha nne kwa sababu aliisoma chuo kama somo la pili. Alinifuata nje ya ofisi ya walimu, karibu na tenki la maji, akaniambia bila kupandisha sauti: "Dada, nakupongeza kweli kabisa. Ila wewe umelipa notisi, na mimi ndiye nitakayeifanyia kazi." Sikuwa na la kumjibu. Alikuwa na watoto wawili wadogo na mke mjamzito. Naye aliomba ajira zile, hakupata.

Sheria imefanya inachoweza. Inapima muda kwa pesa, kwa sababu mahakama na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi haziwezi kupima kitu kingine. Mwajiri amepata chake, mimi nimekatwa changu, faili limefungwa. Lakini ndani ya siku 18 zile kuna watu wawili ambao hawakuwepo mezani wakati wa hesabu: anayebaki kazini na anayehudumiwa. Hospitalini ni muuguzi wa zamu na mgonjwa. Kwangu walikuwa mwalimu wa fizikia na watoto 41.

Wapo watakaosema mbona unajiumiza, mwajiri angekufukuza asubuhi moja na asingewaza mara mbili. Ni kweli, na ninayo hasira juu ya hilo. Mwaka mmoja kabla, mwalimu wetu wa historia alipigiwa simu akiwa kwao Njombe kwa sikukuu ya Krismasi, akaambiwa asirudi Januari. Hakupewa barua, hakulipwa notisi, vitu vyake vilitumwa kwa basi. Alikuwa na siku 30 za kupeleka malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali mbele ya Tume, na hakujua. Alipokuja kujua zilikuwa zimepita. Zile siku 28 zinamfunga Mkurugenzi kama zinavyonifunga mimi, na kila mfanyakazi anayenisoma ningependa azidai kwa sauti. Ila watoto wa kidato cha nne hawakumpigia mwalimu wa historia ile simu. Siwezi kuwalipisha wao.

Kwa hiyo nilifanya kile ambacho siku kumi ziliruhusu. Mada mbili zilikuwa zimebaki kwenye muhtasari wa somo, kemia ya udongo na uchafuzi wa mazingira. Niliomba vipindi vya usiku, saa mbili hadi saa nne, nikafundisha ya udongo yote. Ile ya uchafuzi nilifika katikati. Maabara tulirudia zoezi la asidi na besi mara tatu, kwa makundi, hadi wale wasichana wa nyuma waliokuwa wanaogopa bomba la kioo wakaweza kusimamisha tone pale rangi inapogeuka. Nilimwandikia mwenzangu wa fizikia daftari la makabidhiano la kurasa 22: azimio la kazi limefika wapi, chupa ipi maabara ina lebo isiyo sahihi, mtoto gani anajua lakini hanyooshi mkono, nani anakosea hesabu za moli kwa sababu ya desimali na si kwa sababu ya kemia, nani asikae na nani. Nilimpa maswali ya mitihani ya ndani niliyokuwa nimeyatunga hadi mwezi wa kumi, pamoja na majibu yake. Alipolipokea alilifungua, akasoma kurasa mbili amesimama, akasema, "Afadhali."

Kosa langu moja bado linanisumbua. Mkuu wa shule alitaka wanafunzi wasiambiwe hadi siku ya mwisho, wasije wakavunjika moyo kabla ya mtihani wa moko. Nilikubali. Leo nisingekubali. Niliwaambia Jumatano saa kumi jioni, begi langu likiwa limeshafungwa. Walinyamaza. Kisha msichana mmoja, ambaye huwa haulizi kitu, akasimama akasema: "Madamu, kumbe ndiyo maana tulikuwa tunasoma usiku." Hakusema kwa kulalamika. Alikuwa anaunganisha mambo, kama nilivyowafundisha kufanya na matokeo ya maabara. Ningewaambia tangu Jumatatu ile, wangepata siku kumi za kuuliza maswali wakijua kwamba zimehesabiwa. Nilikuwa nimewanyima notisi yao wenyewe.

Saa kumi na mbili nilikwenda ofisini kwa Mkurugenzi. Alifungua kabati mwenyewe. Bahasha yangu ilikuwa chini kabisa, imebanwa na nyingine, na alipokuwa akizishusha moja moja mezani niliona majina ya wenzangu. Nilihesabu hadi 17 nikaacha. Aliniambia, "Nenda salama, Mwalimu. Wewe umeniaga." Nilimshukuru. Nilipofika mlangoni niligeuka nikamwomba amlipe mwalimu wa fizikia chochote kutoka kwenye makato yangu. Akasema ataliangalia. Hakumlipa, niliuliza.

Alfajiri ya tarehe 14 nilipanda basi. Dodoma, Singida, Nzega, tukalala Kahama kwa kuwa siku hizo mabasi hayakuruhusiwa kutembea usiku kucha, na kesho yake mchana, baada ya Kibondo, nilikuwa nimesimama masijala ya halmashauri na bahasha yangu mkononi. Ilikuwa siku ya mwisho. Mbele yangu walikuwepo watu sita, na mmoja wao alikuwa analia kwa sababu vyeti vyake vilikuwa bado vimebaki kwa mwajiri wake wa zamani, Mwanza. Alikuwa na nakala tu. Afisa utumishi alimsikiliza, akamwandikia namba ya simu kwenye karatasi. Sikujua mwisho wake.

Mwalimu mpya wa kemia kule Pwani alipatikana mwezi wa tisa. Katikati hapo mwenzangu wa fizikia alibeba peke yake, na mimi nilikuwa nampigia kila Jumamosi jioni, anaweka simu juu ya dawati la mbele, spika wazi, na matroni anahakikisha hawapigi kelele. Mtandao wa kwangu ulikuwa unapatikana ukipanda kilima nyuma ya kanisa. Jumamosi ya kwanza nilidhani watakuwa wameninunia. Kulikuwa na kimya, nikasikia kiti kinasogezwa, kisha sauti ya yule msichana asiyeuliza.

"Madamu, shikamoo. Ile ya chokaa kwenye udongo wenye asidi, ukiweka nyingi kupita kiasi inakuwaje?"

Nilimwambia asubiri kidogo, nitafute mahali pa kukaa.